Hotuba ya Mtunza Hazina juu ya Akiba ya Chama



Imeulizwa kama akiba yetu yafaa kununuliwa hisa katika kampuni inayoshika hisa za kampuni nyingine. Ya zamani hapa kwetu ni ICDC Investment, iliyoundwa mwaka 1967 ili Mwafrika mwenye fedha kidogo apate fungu katika biashara nyingi. Tangu 2008 yaitwa Centum. Mwaka 2019 iliuza hisa zake za viwanda vya soda kwa shilingi bilioni 19.5. Ardhi na majumba hayauziki upesi hivyo.

Husemwa kwamba soda ikilala, nyumba itaamka. Ni kweli, lakini bei ya sokoni yaweza kuwa chini sana ya thamani ya mali iliyomo. Fahari, mfuko wa majumba, uliuzwa shilingi 20 kwa kipande mwaka 2015. Mwaka 2023 wenye vipande wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na majengo yangali yamesimama.

Msiba haungoji bei ipande. Kwa hiyo fedha za mazishi zibaki benki, hata kama faida yake ni haba. Karo ya watoto wanaonyonya sasa yaweza kungoja miaka kumi. Naomba kila mfuko upigiwe kura yake mbali.