Tuambiane Mapema: Hotuba kwa Vijana wa Gisimenti



Gisimenti ni mahali pa furaha. Hapa wengi huanza kupendana. Hapa pia baadhi ya magomvi huzaliwa.

Kijana hununua mishikaki na vinywaji, moyoni akihesabu kwamba amekwisha kukubaliwa. Binti hupokea akiuona ukarimu tu. Hakuna aliyesema lolote, lakini usiku unapokwisha mmoja hudai deni ambalo mwenzake hakulikopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuseme wazi: bili iliyolipwa si ridhaa, na kunyamaza si ridhaa. Kumlazimisha mtu ni jinai, awe mchumba, awe mke au mume.

Wanaoelekea ndoa wajifunze kwa sheria yetu. Wachumba huchagua utaratibu wa mali: kuchanganya yote, kuchanganya sehemu, au kila mmoja kubaki na yake. Jambo hilo huamuliwa wakati wa kufunga ndoa, si baada ya ugomvi. Basi na mengine yazungumzwe vivyo hivyo: watoto, kazi, msaada kwa wazazi wa pande zote mbili.

Aliyekwisha kudhuriwa asinyamaze. Simu 3512 hailipiwi, na vituo vya Isange, vilivyoanzia Kacyiru mwaka 2009, hutoa tiba, ushauri na msaada wa kisheria bila malipo.

Linaloweza kusemwa leo kwa upole lisingoje kusemwa kesho mbele yetu kituoni.