NANI ANAMLIPA ANAYEKUSEMEA?

(Maneno ya katibu wa tawi mbele ya wajumbe wa kazini, siku ya mafunzo. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Mwenzetu mmoja alifika katika ofisi ya tawi hivi karibuni. Mashine ilikuwa imemkata vidole viwili. Fidia yake ilipotoka, mtu aliyejiita msaidizi wake alichukua karibu nusu. Mtu huyo si wakili wala si mjumbe wa chama. Alimkuta nje ya hospitali akamwambia, "Tia sahihi hapa, nitakutengenezea mambo." Mwenzetu hakuja kumshitaki. Alikuja kuuliza neno moja tu: "Katibu, haki yake ilikuwa kiasi gani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la mara moja, nami niliona haya. Basi nikaenda kutafuta. Nikaona kwamba watu wa Marekani wamebishana juu ya swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 150, kwa ajili ya askari wao walioumia katika utumishi. Leo nitawaeleza walivyofanya, mazuri na mabaya, kisha turudi nyumbani.

Kwanza, jueni kazi yenyewe. Askari wa zamani aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi hupeleka maombi kwa Idara ya Askari wa Zamani. Idara humpima ulemavu wake kwa mia, toka 0, 10, 20, mpaka 100, na kwa kipimo hicho humlipa kila mwezi. Asiporidhika na uamuzi, ana mwaka mmoja wa kuchagua njia: kuleta ushahidi mpya, au kuomba afisa wa juu zaidi autazame uamuzi upya, au kwenda mbele ya Baraza la Rufani. Baraza likimkatalia, ana siku 120 za kwenda katika mahakama ya madai ya askari. Katika safari hiyo yote kuna karatasi, vyeti vya daktari, na tarehe ambazo ukizikosa umepotea. Ndiyo maana askari hutaka mtu wa kumsemea.

Sasa mtu huyo alipwe nini? Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakora wengi waliwazunguka majeruhi na wajane wakila fedha zao. Mwaka 1862 Serikali ikaweka sheria kwamba ada isizidi dola 5. Mwaka 1864 ikawa dola 10, na aliyetoza zaidi aliweza kufungwa. Nia ilikuwa njema. Lakini dola 10 zile zikabaki dola 10 mpaka mwaka 1988, yaani miaka 124! Mkate ulipanda bei, kodi ya nyumba ilipanda, lakini ada ya wakili ilibaki pale pale. Wakili gani angefungua faili kwa fedha hiyo? Askari akawa amelindwa na mwizi, lakini akakosa pia mtetezi.

Askari walioumizwa na miali ya mabomu ya atomiki, pamoja na wenzao, walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia, majaji sita kwa watatu. Waliokuwa wengi walisema Serikali ina haki ya kutaka mambo haya yaendeshwe bila ugomvi wa mawakili, na askari asigawane fedha yake na mtu. Jaji Stevens alikuwa mmoja wa waliokataa. Yeye alisema mtu huru ana haki ya kumtafuta wakili wake mwenyewe kwa fedha yake mwenyewe anapoishitaki Serikali yake. Mimi nasema pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwaka 1988 Bunge likaibadili sheria, likaunda mahakama ile niliyoitaja, na kufungua mlango wa ada. Mlango huo umepanuliwa kidogo kidogo. Tangu Februari 2019, wakili anaweza kutoza ada baada ya Idara kutoa uamuzi wake wa kwanza. Lakini kujaza ombi la kwanza lenyewe, hapo hapana ruhusa ya kutoza hata senti.

Basi leo kuna watu wa namna tatu wanaomsemea askari, na kila mmoja analipwa kwa njia yake.

Wa kwanza ni watu wa vyama vya askari, kama American Legion kilichoanzishwa mwaka 1919, au Disabled American Veterans cha mwaka 1920. Sheria inawakataza kumtoza askari ada yoyote. Maafisa wao hulipwa mshahara na chama, na fedha ya chama hutoka katika michango na misaada ya watu. Wako pia maafisa wa majimbo na wilaya, ambao hulipwa kwa kodi. Askari haulizwi kitu. Lakini msiseme ni bure, ndugu zangu. Kuna mtu ameilipia kazi ile.

Wa pili ni mawakili na maajenti wenye kibali cha Idara. Hawa hufanya mkataba wa maandishi. Mkataba ukisema 20 kwa mia ya malimbikizo, yaani ya fedha ambazo askari angalilipwa siku zilizopita, Idara yenyewe huweza kulikata fungu hilo na kumpelekea wakili. Ada isiyozidi 20 kwa mia huhesabiwa kuwa ya haki. Ikipita theluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki, mpaka wakili aonyeshe sababu. Na kesi ikifika mahakamani, mara nyingine Serikali ikishindwa hulipa wakili yenyewe. Hapo wakili hawezi kula mara mbili kwa kazi ile ile. Lazima arudishe kwa askari fungu lililo dogo.

Wa tatu ni washauri wasio na kibali. Mwaka 2006 adhabu ya jela kwa anayetoza bila ruhusa iliondolewa katika sheria, na watu wa namna hii wakaongezeka. Wengine hutoza mara tano ya nyongeza ya mwezi.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme askari ameongezewa dola 500 kwa mwezi. Kama amecheleweshwa miezi 24, malimbikizo ni dola 12,000. Wakili wa 20 kwa mia atapata dola 2,400, na askari dola 9,600. Tena zile dola 500 za kila mwezi zijazo ni zake zote. Mshauri wa mara tano atachukua dola 2,500. Mtasema, "Aa, ni karibu sawa!" Ngojeni. Kama alicheleweshwa miezi 3 tu, malimbikizo ni dola 1,500. Wakili atapata dola 300. Mshauri atachukua zile zile dola 2,500! Askari atatoa malimbikizo yote, na dola 1,000 zaidi kutoka katika chakula cha watoto wake. Mmoja amekula katika kilichocheleweshwa, mwingine amekula katika mkate wa kesho.

Hata njia ya wakili ina kasoro yake, nisifiche. Malimbikizo huongezeka kesi ikikawia, na ada huongezeka pamoja nayo. Na kesi ndogo haina mvuto kwa anayelipwa kwa fungu. Mzee anayepigania dola chache atatazamwa na nani? Atatazamwa na chama, ambacho hakihesabu ukubwa wa faili.

Sasa turudi nyumbani. Tusiige tu. Sheria ya mawakili ya Kenya haikubali mapatano kwamba wakili atalipwa akishinda tu, kwa hiyo mtu akikuahidi hivyo, jihadhari. Tena, sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya kuumia kazini inampa mfanyakazi siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi. Siku 60 si nyingi kwa mtu aliye kitandani. Mjumbe wa kazini akilala, siku hizo zinapita, na yule mtu wa nje ya hospitali ndiye atakayefika kwanza.

Kwa hiyo nawaomba kila mjumbe amfundishe mwanachama kuuliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Je, una kibali, na nani alikupa? Ada yako ni kiasi gani, na imeandikwa wapi? Itakatwa katika fedha ipi, iliyopita au ijayo? Na tukishindwa, nitadaiwa nini? Mtu mwaminifu hatachukia maswali haya. Akichukia, umekwisha kupata jibu.

Na yule mwenzetu wa vidole viwili? Nilimjibu hivi: "Ndugu, mtu yule hakuwa na haki ya nusu ya jasho lako. Lakini na sisi tuna deni kwako, maana alikufikia kabla yetu." Amekubali tuupeleke mkataba wake kwa wakili wa chama autazame, nasi tumekubali kwamba hatalipa kitu kwa kazi hiyo. Italipwa kwa michango yenu. Basi mkiona senti zinakatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi, msiulize zinakwenda wapi. Ulizeni zimemfikia nani, nasi viongozi tuwe tayari kuwajibu.