Govi la Mtoto Mdogo Si Ugonjwa



Sikuja kuwafundisha wenye jando kazi yao. Dini na mila zina wenyewe. Maneno yangu yawahusu wale waletao mtoto wa mwaka mmoja au miwili wakisema, "Bwana Mganga, mtahiri huyu, govi lake halifunuki, ni mgonjwa."

Tazameni habari za Uingereza. Katika miaka ya 1930 karibu theluthi ya wavulana wa huko walitahiriwa, na wengi wao hawakuwa Waislamu wala Wayahudi. Ni madaktari waliosema kwamba govi lililobana ni ugonjwa. Hata mwaka 1949 daktari wa watoto, Douglas Gairdner, aliandika ya kuwa katika watoto 100 wanaozaliwa, ni 4 tu ambao govi lao hufunuka lote. Wengine wote ngozi imeshikamana kwa maumbile, nayo hujiachia yenyewe mtoto akuapo. Tena alionyesha kwamba watoto wapata 16 walio chini ya miaka 5 walikuwa wakifa kila mwaka katika England na Wales kwa sababu ya kutahiriwa. Watoto 16, kwa kutibiwa ugonjwa wasiokuwa nao! Desturi ile ikapungua sana. Marekani haikupungua hivyo: waliotahiriwa hospitalini walipozaliwa walikuwa 64 katika 100 mwaka 1979, na 58 mwaka 2010.

Mtu ataniuliza, mbona kwetu watu wamehimizwa kutahiriwa? Ni kweli. Majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, ya Kisumu na ya Rakai, yaliyotangazwa mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke hupungua kadiri ya 60 katika 100. Lakini waliojaribiwa walikuwa vijana na watu wazima waliokubali wenyewe. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma hiyo kwa vijana wa miaka 15 na zaidi.

Basi ugonjwa wa kweli ni upi? Ni govi lenye kovu jeupe, gumu, au linalovimba na kutoa usaha mara kwa mara. Huyo apelekwe hospitali. Wakati mwingine kovu huletwa na sisi wenyewe, kwani wako wazazi walivutao govi kwa nguvu wakiosha mtoto, likachanika. Acheni kulivuta, osheni kwa nje tu.

Wako na watoto wawili ambao ngariba asiwaguse kabla daktari hajawaona. Wa kwanza ni yule ambaye damu yake haikatiki upesi akijikata, au ambaye wajomba zake wana tabia hiyo. Wa pili ni yule ambaye tundu la mkojo liko upande wa chini, si kwenye ncha. Maana ngozi ile ile ya govi ndiyo daktari atakayoitumia kumtengeneza, na ikiisha kukatwa hapana nyingine. Waalimu, waulizeni wazazi mambo hayo mawili kabla ya likizo ya jando.