Fedha za Serikali kwa Wakulima na Suala la Riba

 

Mkulima wa chini ya milima ya Rwenzori amekwisha kuona misaada ya Serikali ya namna nyingi. Kwa sheria ya NAADS ya mwaka 2001 aliletewa wataalamu wa kilimo. Tangu mwaka 2013, kwa mpango wa Operation Wealth Creation uliotiwa mikononi mwa wanajeshi, aligawiwa mbegu na miche bila ya malipo. Miche ya bure ni neema, walakini mara nyingi ilifika mvua imekwisha, ikakauka kabla ya kupandwa.

Tarehe 26 Februari 2022, huko Kibuku, Rais Museveni alizindua Mpango wa Maendeleo ya Muluka, ambao watu huuita PDM. Safari hii hazikuletwa mbegu bali fedha. Kila muluka hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka katika chama chake cha akiba na mikopo, na nyumba moja yaweza kupata hadi milioni 1. Fedha hizo si sadaka. Hurudishwa pamoja na nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, yaani shilingi 60,000 juu ya kila milioni.

Hapo ndipo penye mashaka ya Mwislamu. Wako wasemao kwamba nyongeza hiyo haiingii mfukoni mwa tajiri yeyote, bali hubaki katika chama ili jirani naye apate. Maneno hayo yana huruma ndani yake, lakini hayabadili jina la kitu: ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo wa fedha ni riba, iwe ndogo au kubwa. Basi wengine huchukua na mioyo yao haitulii. Wengine hukaa kando kimya. Na kimya hicho hakimfai mtu, kwa kuwa wakuu wa chama hawawezi kujua kwamba nyumba ile haikuomba kwa ajili ya dini. Huenda wakaihesabu kuwa haina haja.

Sharia haikufunga mlango wa biashara. Chama chaweza kununua mbuzi au mbolea, kikazimiliki kwanza, kisha kikamwuzia mkulima kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, naye akalipa baadaye. Akichelewa, bei haiongezeki. Hiyo ndiyo murabaha. Wala si jambo geni Uganda: sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ikapata leseni mwaka 2023. Linalotakiwa ni ombi la maandishi, lenye sahihi za wenye nyumba wa kila muluka, lipelekwe kwa wakuu wa chama na kwa wilaya. Sura ya Al-Baqara, mara baada ya kukataza riba, yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe.

Tena liko jambo la muda. Mbuni wa arabika katika miteremko iliyo juu ya Bwera hukawia kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na aliyeununua kwa deni huenda akadaiwa hajachuma hata punje. Mbuzi huzaa mapema zaidi. Mahindi na maharage ni miezi michache tu. (Nguruwe, apendwaye na vikundi vingi, hatuhusu.) Kwa hiyo ombi hilo lingetaja na siku ya kulipa kwa kufuata zao: mwenye mahindi alipe baada ya mavuno, na mwenye kahawa baada ya mbuni wake kuzaa.