Anayeuza Mavuno na Anayeuza Shamba

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo mnivumilie nikianza na kifungu. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Kila mtu, sio waziri peke yake. Sasa utailindaje kama hujui ni ya aina gani?

Kuna maliasili zinazojirudisha: samaki, misitu, maji, upepo, jua. Na kuna zisizojirudisha: dhahabu, almasi, tanzanaiti, gesi, makaa ya mawe. Hilo tulifundishwa wote shuleni. Shida ni kwamba hela zake zikishaingia serikalini, zote tunaziita mapato.

Hapo ndipo ninapobisha. Mkulima akiuza magunia ya mahindi, ameuza mavuno. Mwakani analima tena. Akiuza shamba lenyewe, hela anapata, tena nyingi, lakini mwakani hana pa kushika jembe. Dhahabu ni shamba.

Angalieni Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Wavuvi walale njaa au wasaidiwe, hiyo ni hoja nzito na tuisemee. Lakini samaki ukimpumzisha, anarudi. Ukimvua haraka kuliko anavyozaliana, naye anaisha kama madini.

Sasa twende Nzega. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 2014 ulikuwa umeshafungwa. Mtoto aliyezaliwa mgodi unaanza, unafungwa bado yuko sekondari! Na shimo lile hata ulipumzishe miaka elfu, dhahabu hairudi.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6. Kubishana kuhusu asilimia ni sawa. Ila swali la pili hatuliulizi: hizo hela zinageuzwa kuwa nini kitakachobaki? Botswana wana Mfuko wa Pula tangu 1994, wa kutunza sehemu ya hela ya almasi. Na sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya 2015, yenye mfuko wake. Lakini isomeni: ni mafuta na gesi. Dhahabu haimo.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, mgombea yeyote akija kwenu, hata wa kwetu, mpeni maswali mawili. Kwa samaki na misitu: tunavuna kwa kasi gani? Kwa madini na gesi: kikiisha, tutabaki na nini mkononi? Akijibu "mapato yameongezeka", mwambieni hajajibu.