Nani Aamuaye Juu ya Udongo? Ng'ombe wa Ukambani na Mwisho wa Himaya



Wanafunzi wetu wakiulizwa utawala wa Mwingereza ulikwisha lini Kenya, hutaja 12 Desemba 1963. Wenye bidii zaidi hurudi nyuma hadi mikutano ya Lancaster House iliyoanza mwaka 1960. Tarehe hizo ni za kweli, lakini zinatueleza tu bendera ilishuka lini. Leo natetea hoja moja: kutawaliwa ni kunyang'anywa uamuzi juu ya maisha yako, na kwa hiyo mwisho wa ukoloni hupimwa kwa kuuliza uamuzi huo umerudi mikononi mwa nani. Ushahidi wangu mwingi unatoka katika vilima hivi vya Machakos, Ukambani.

Tuanze na haki ya upande wa pili. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kilimo walioizunguka wilaya hii walikuta makorongo, nyasi zilizokwisha na udongo unaosombwa na kila mvua. Hawakusema uongo. Lakini chanzo cha msongamano hawakukipa uzito wake. Vilima vya Mua vilikuwa vimetwaliwa na walowezi. Nyanda za Yatta zilihesabiwa kuwa ardhi ya Taji la Uingereza. Watu na mifugo walizidi kuongezeka ndani ya rizavu iliyofungwa pande zote, kisha wakalaumiwa kwa kubanana.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima. Kila eneo lilipangiwa idadi yake. Ng'ombe walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa, na waliozidi wakapelekwa mnadani kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Watu wa Ukambani hawakuhitaji kufafanuliwa uhusiano wa mambo hayo mawili. Ng'ombe alikuwa akiba ya nyumba, mahari ya kijana na chakula cha mwaka wa njaa.

Upinzani uliwaka Ngelani, na Muindi Mbingu akawa sauti yake. Watu walikula kiapo cha kutouza ng'ombe wao. Chama cha Ukamba Members Association kilipeleka malalamiko hadi London na kushirikiana na Kikuyu Central Association, huku Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akiwaunga mkono. Julai 1938, wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walikwenda Nairobi wakapiga kambi Kariokor. Walitaka kumwona Gavana Brooke-Popham ana kwa ana, na walikaa huko kwa wiki kadhaa. Gavana hakuwapokea Nairobi. Alikwenda Machakos mwezi Agosti, akawaambia kuwa sera ni ile ile.

Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa mifugo kwa nguvu. Ilikuwa na sababu ya kuogopa: Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya jeshi la King's African Rifles na ya polisi, na maswali yalikuwa yameanza kuulizwa katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1940 chama kilipigwa marufuku. Hakuna bendera iliyoshuka, lakini tayari amri ya dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa imerudishwa nyuma na wafugaji wasio na bunduki.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya kuzuia udongo kusombwa, kazi waliyolazimishwa kwa amri ya machifu. Mwaka 1955 watu wa Uluguru, Tanganyika, waliinuka dhidi ya matuta ya lazima, na chama cha TANU kikapata wafuasi katika malalamiko ya namna hiyo. Wapo wanaosema himaya ilikwisha kwa sababu Uingereza ilichoka baada ya vita, ikaaibika katika mgogoro wa Suez mwaka 1956, ikafedheheka zaidi katika kambi ya Hola, Kenya, mwaka 1959 wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa. Yote hayo yaliharakisha mwisho. Lakini gharama ya kutawala haikujipandisha yenyewe. Walioipandisha ni watu waliokataa kutii shambani na zizini.

Sasa tazameni yaliyofuata. Matuta yaliyochukiwa yalipokuwa amri ndiyo yanayopamba miteremko yetu leo. Baada ya Uhuru kazi hiyo ililegea kwa muda, kwa kuwa ilinuka utumishi wa lazima. Kisha familia na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wakaishika wenyewe, kwa sababu shamba lilikuwa lao na mavuno yalikuwa yao. Hapa Kola, mwaka 1978, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, kikaja kujulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie kwa urahisi. Udongo ni ule ule na ukame ni ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Ndiyo maana siwezi kuifunga historia hii mwaka 1963. Serikali huru nayo ilirithi tabia ya kuamua kutoka Nairobi. Katiba ya 2010 na kaunti zilizoanza kazi 2013 zilikuja kurekebisha hilo, na kazi haijakwisha. Leo malori yanachota mchanga wa mito ya Ukambani kwenda kujenga majumba ya mji mkuu, mchanga ule ule unaotuhifadhia maji. Jirani zetu wa Makueni walitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayenunua mchanga Nairobi hatembei kilomita nyingi kutafuta maji Agosti.

Basi nawaomba wanahistoria wenzangu tufundishe mwaka 1938 kwa uzito tunaoupa 1963. Nanyi wanakijiji, kila mtaalamu akija na mpango, hata uwe mzuri na sayansi yake iwe sahihi, muulizeni kwanza: sisi tukisema hapana, mpango huu utasimama? Jibu likiwa "hautasimama", kaeni naye mjadiliane. Likiwa "utaendelea tu", mjue ukoloni haujaondoka, hata kama anayewajibu ni ndugu yenu.