Majani Yanayozuia Asidi Kula Chuma
Hotuba kwa mafundi wa jua kali, Amukura

 

Wengi wenu huondoa kutu kwa asidi kabla ya kupaka geti rangi. Kazi huisha upesi. Shida ni kwamba kutu ikiisha asidi haiachi, inaanza kula chuma chenyewe. Mteja amelipia chuma kinene, anapelekewa kilicholiwa.

Viwandani huongezwa dawa ya kuzuia ulaji huo, lakini baadhi ya dawa hizo ni sumu. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia mimea. Majani ya mwarobaini, mkaratusi na chai yana tanini na kemikali nyingine zinazong'ang'ania juu ya chuma kama koti jembamba. Asidi hukosa pa kugusa. Ulaji hupungua, ingawa haukomi.

Walimu wa ufundi wanaweza kulionyesha darasani. Chukueni misumari miwili ya uzito sawa na vyombo viwili vya asidi hafifu. Kimoja kiongezeeni maji ya majani yaliyochemshwa, kingine maji matupu ya kiasi hicho hicho. Kesho yake ioshwe, ikaushwe, ipimwe. Mizani itasema.

Lakini asidi yenye majani bado ni asidi. Vaeni glavu na miwani, fanyeni kazi penye hewa. Mimineni asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Iliyotumika msiimwage mtaroni. Mwulizeni afisa wa mazingira. Mitaro huishia mitoni, na maji ya Mto Sio na Mto Malaba yanatumiwa pande zote mbili za mpaka.